Nilivyotwanga kahawa ya mama mkwe na kutia tangawizi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Nimeona uzi wa vijana wanaelekezana kahawa za ladha za msimu, mara vanila, mara karameli. Nimecheka peke yangu. Haya mambo nimeyafanya Igoma miaka ya tisini, na nusura yanivunjie ndoa. Hapa sitaongeza chumvi, tangawizi tu.

Kipindi hicho biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya mjini Mwanza yamejaa vitu. Mimi fundi cherehani. Nilikuwa namshonea mapazia mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo, tumwite Mama Farida. Ndiye aliyenifundisha kahawa kwa majira.

Masika, tangawizi na pilipili manga.

Machungwa yakiwa mengi, unakausha maganda juani, unachemsha na kijiti cha mdalasini.

Kiangazi, iliki peke yake, eti vumbi linakausha koo. Hiyo ni nadharia yake, msiniulize.

Sasa mimi Msukuma wa Magu. Kwetu ni pamba na mpunga, kahawa tuliiona dukani. Mume wangu Mhaya. Mama yake hakunitaka, na alisema wazi kwamba hatanipokea nyumbani Bukoba mpaka aje aone mwenyewe kama najua kukirimu wageni. Tulisubiri ujio huo mwaka mzima.

Siku mbili kabla hajafika, akatanguliza kifurushi cha majani ya mgomba kwa mtu wa meli. Mume wangu alikuwa kikazi Sengerema. Nafungua, nakuta buni kavu na maganda yake, zinanukia majani.

Nikajisemea, masikini, zimepata unyevu njiani.

Nikaziosha, nikazianika, nikazikaanga zote. Nikatwanga, nikapepeta. Ilikuwa masika, kwa hiyo nikatia tangawizi na pilipili manga kama nilivyofundishwa.

Wahaya wa humu najua mmeshika vichwa. Kwa wasiojua: zile huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, na mgeni akiingia anapewa chache atafune. Ndiyo karibu yenyewe. Mimi nilishaitia kwenye kinu.

Mama akafika na meli ya asubuhi. Jioni wakaja kina mama wawili wa kwao kumsalimu, akaniagiza nilete kahawa. Nikaja na chupa na vikombe kwenye sinia, najiona nimemaliza kila kitu.

"Za kutafuna ziko wapi?" mama mkwe akauliza.

Nikapiga magoti. Nikamwambia, nimezitwanga, mama.

Mume wangu, ambaye alikuwa amerudi jana yake, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Mgeni mmoja akaguna. Nilitaka kulia, wakuu, sifichi. Niliona Bukoba nitaisikia redioni tu.

Mama akachukua kikombe, akanywa taratibu mpaka mwisho, akasogeza kikombe nimwongeze. Wale wageni kuona hivyo, nao wakanywa.

Walipoondoka akanifuata jikoni, akafunga mlango, akafungua mdomo nione. Magego hakuna, huku na huku.

"Mwaka wa pili huu sitafuni," akasema. "Naziweka shavuni, nikitoka nje natema. Wanangu hawajui, na wewe usiwaambie. Leo nimezionja tena."

Akashika mlango atoke, kisha akageuka.

"Desemba mkija nyumbani, uje na hicho kinu."

Nilikwenda nacho, mapajani, meli nzima.

Nilichojifunza: kitu cha ukweni usichokijua, uliza kwanza. Bahati kama yangu haiji mara mbili. Na mkwe akinuna, si lazima awe na hasira na wewe, huenda ana lake mdomoni.

Haya, mwenye kahawa yake ya msimu aiweke hapa, na mwenye kisa cha ukweni asione aibu, nitasoma zote.

Mama ameshatangulia, ndiyo maana nimesema. Mume wangu naye huwa anapita humu. Baba, habari ya magego ndiyo hiyo.