Fundi wa ndege anayehesabu sindano Kangle

Saa moja na nusu asubuhi, Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo jijini Guangzhou, China. Cherehani namba kumi na nne imenyamaza, na Marijani Shekue amepiga magoti chini yake, sumaku mkononi. Juu ya karatasi nyeupe amebandika kwa selotepu vipande viwili vya sindano iliyovunjika. Kinakosekana cha tatu, ncha yenyewe, ndogo kuliko punje ya mchele.

Mshonaji anagonga meza kwa kidole. Analipwa kwa idadi ya nguo, na kila dakika ya kusubiri inatoka mfukoni mwake. Nje, kwenye kichochoro kisichopitisha magari mawili, dereva wa kirikuu anapiga honi.

"Papa Marijani, camion inaningojea na wewe uko natafuta ka-sindano!" anafoka Émérance, mfanyabiashara wa Bukavu aliyeagiza magauni mia sita ya watoto.

"Mama, hiyo ncha imo ndani ya gauni mojawapo. Nikufungie hivyo hivyo?"

"Mu-magauni mia sita?"

"Atakayechomwa ni mtoto mmoja tu. Hatutamjua ni yupi."

Émérance anavuta stuli, anakaa kwa kishindo. "Basi tafuta. Lakini wewe, nani alikuroga na hizi hesabu?"

Dakika arobaini baadaye sumaku inaishika ncha hiyo kwenye pindo la gauni la njano. Marijani anaibandika karatasini kando ya wenzake, anaandika tarehe na saa, anatia sahihi. Hatabasamu. Zamu yake ina vyerehani thelathini na viwili, na siku ndiyo kwanza imeanza.

Aliyemroga, kama ni kurogwa, ni kampuni moja ndogo ya ndege nchini Finland ambayo haipo tena.

Marijani, mwenye umri wa miaka 45, mzaliwa wa Temeke, alikwenda Finland akiwa kijana kusomea ufundi wa ndege. Mwaka 2010 aliajiriwa na Kaisla Air. Wakati huo kampuni ilikuwa na ndege mbili za pangaboi, zote mitumba, na hangari moja lililovuja theluji ilipoyeyuka.

"Tuliwabeba watu ambao kampuni kubwa haziwataki," anasema. "Wazee wanaokwenda hospitali za mjini. Wanafunzi. Wachezaji wa mpira wa barafuni, na zile fimbo zao ndefu hazienei popote. Mama mmoja alikuwa anapanda nasi kila Ijumaa na paka wake. Yule paka tulimjua kwa jina."

Kampuni ilikua. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa na ndege tano, wafanyakazi 140 na safari za miji tisa. Marijani alipata leseni ya kutia sahihi, yaani yeye ndiye aliyethibitisha kwa jina lake kwamba ndege imetengenezwa na inaweza kuruka.

Humo ndimo alimojifunza kuhesabu. Kila spana ilikuwa na kitanda chake, kimechongwa kwa umbo lake kwenye sanduku. Ndege haifungwi mpaka kila kitanda kiwe na mtu wake. Siku moja tochi yake ilikosekana, na abiria wakakaa saa nne uwanjani wakilaani. Tochi ilikutwa nyumbani kwake, kwenye mfuko wa koti.

"Nilimpigia msimamizi nikamwambia ni mimi. Hakunifokea. Aliniambia kesho nilete mikate ya mdalasini ya karakana nzima. Ndiyo faini yao, ile. Watu wakala, wakanywa kahawa, basi, yakaisha."

Kisha likaja janga la korona, ndege zikalala miezi. Ziliporudi angani abiria walikuwa nusu, mafuta yakapanda, na halmashauri zilizokuwa zikichangia safari za miji midogo zikaacha kuchangia. Mwezi Machi mwaka jana, Jumanne asubuhi, barua pepe ya mistari sita iliwafikia wafanyakazi wote kwa mpigo: kampuni imefilisika.

Marijani alikuwa ameifungua injini ya kushoto. Wenzake wawili walivua ovaroli wakaenda zao. Yeye alibaki siku mbili akaifunga, ili wenye ndege, waliokuwa wameikodisha tu kwa kampuni, waje kuichukua.

"Huwezi kuiacha ndege wazi. Nikahesabu vifaa, nikatia sahihi. Rubani mgeni akaja akaiondoa. Mimi nikasimama na sanduku la spana ambazo hata si zangu."

Mkewe, Shamsia, Mzanzibari anayenunua madaftari na mikoba ya shule kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu kwa ajili ya maduka ya Unguja, alimwambia aje Guangzhou. Alikuja kupumzika mwezi mmoja. Umekuwa mwaka na nusu.

Kangle ilimpokea kwa sababu vyerehani huharibika na yeye anasikia ubovu kwa sikio. Anapata yuan elfu tisa kwa mwezi, chini ya nusu ya alichopata Finland. Mwezi huu laoban, mwenye kiwanda, amemwekea mezani mkataba wa miaka miwili, wa yuan elfu kumi na tatu, awe mkuu wa mafundi.

Ila leseni ina kanuni yake. Fundi asiyefanya kazi ya ndege walau miezi sita ndani ya miaka miwili hana ruhusa ya kutia sahihi. Kwa Marijani, ambaye katika miaka hiyo miwili amekaa miezi kumi na minane bila kugusa ndege, muda huo unakatika wiki hii. Njia ya kuirudisha ruhusa ni kufanya miezi sita chini ya usimamizi wa fundi mwingine. Ameandikia karakana kumi na moja. Imejibu moja, ya Dar es Salaam: aripoti Jumatatu ijayo, atapewa nauli na chakula, mshahara hakuna.

Aliukalia uamuzi huo mpaka Shamsia akachoka. Jumatano alikwenda kiwandani peke yake.

"Umemwambia nini laoban?" Marijani alimuuliza jioni, chumbani kwao, katikati ya maboksi ya madaftari.

"Nimemwambia mume wangu hasaini. Atafute mwingine."

"Bila kuniuliza?"

"Nikuulize mara ngapi, Marijani? Kila nikikuuliza unasema tutaona. Mwaka na nusu tunaona tu. Macho hayajakuuma?"

Anakiri kwamba alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikata tiketi. Anaondoka Jumapili.

Hana furaha ya msafiri. Anajua huko atawashikia spana vijana aliowazidi miaka ishirini, akiwa na miwani ya kusomea. Baada ya miezi sita, hakuna aliyemwahidi ajira. Shamsia naye ametoa sharti lake: "Miezi sita. Wa saba nakuja na begi langu, tuzungumze uso kwa uso."

Marijani anafuta mafuta ya cherehani viganjani kwa kipande cha kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nimechoka, sikufichi," anasema. "Wakinikataa nitarudi hapa Kangle nimpigie laoban magoti. Sawa. Lakini nirudi nikiwa fundi wa ndege asiye na ndege. Sasa hivi hata huyo si mimi."