Kibwagizo cha Njia ya Maji

Mwalimu Cyril wa Mnyambe alitunga shairi moja tu maishani mwake, na laiti asingelitunga. Enzi hizo za Mwingereza, juu uwandani hapakuwa na maji. Maneno ya bomba yalisikika, bomba lenyewe hapana. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na mitungi kichwani. Cyril akamwonea mkewe Agnes huruma, na huruma ya wanaume tunaijua: badala ya kubeba mtungi, akatunga shairi.

Lilipendwa mno. Kibwagizo alikipima kwa mwendo wa wapandaji, wakawa wanakiimba kila kona: *Panda dada panda tena, kileleni ni karibu.*

Agnes aliteremka akiwa na mimba pevu.

"Mama Julia, leo ungepumzika," jirani zake walimwambia.

Akacheka. "Baba Julia amesema ni karibu."

Alianguka kwenye kona ya mwisho. Walimpandisha kwa machela, amekufa yeye na mtoto tumboni.

Miaka ikapita, shairi likaingizwa katika masomo ya darasa la nne, na Cyril hakuwa na ubavu wa kukataa. Akaandika ubaoni: *Mama usiweke chini, mtungi uko kichwani.*

"Mizani nane, kisha nane," alisema. "Kina cha kati, *ni*. Cha mwisho, *ni*."

Julia, bintiye, alinyoosha mkono. Darasani hakumwita Baba.

"Mwalimu, kwa nini kibwagizo kinarudiwa kila ubeti?"

Jibu la kufundishia alikuwa nalo: kutilia mkazo. Akaliacha.

"Mtu akiambiwa mara moja kwamba ni karibu, hasadiki," alisema. "Akiambiwa kila kona, anasadiki."

"Na ni karibu kweli?"

"Si karibu," alisema, akaanza kufuta ubao.

Kesho yake alfajiri mtungi wa Agnes haukuwepo mahali pake. Julia alikuwa amefikia umri wa kuteka maji, na shangazi zake hawakuona haja ya kumwuliza baba. Cyril alikimbia hadi ukingoni. Kutoka chini zilipanda sauti za wanawake, na ya Julia ikiwamo, nyembamba, imekatika pumzi: *Panda dada panda tena.*

Alitaka kupaza sauti, aliapize shairi lile. Lakini mtoto alikuwa katikati ya mlima na mtungi umejaa, na neno jingine la kumpa hakuwa nalo. Akakaa chini akilia, akaitikia: *kileleni ni karibu.*