Namba Kumi Kabla ya Namba Mbili

Sijivunii kusema haya, lakini watu wa Kibaigwa bado wananiita Namba Kumi, kwa hiyo afadhali mkisikie kisa kwangu mwenyewe.

Shule niliiacha darasa la sita, nikazunguka na malori, hadi dada Mwajuma wa Dodoma mjini alipokubali nijifunze kompyuta dukani kwake. Alikuwa ametengeneza programu ya kupanga foleni ya malori sokoni Kibaigwa, na akaniahidi kuwa majaribio yakienda vizuri ataniajiri.

Asubuhi ya majaribio aliniambia, "Linganisha faili ya zamani na mpya nione nilichobadilisha. Usiguse kitu."

Mashine ilitaka uitaje ya zamani kwanza, mimi nikaanza na mpya (haraka ya nini, sijui), basi mistari yake mizuri ikatokea na alama ya kutoa, yaani iliyofutwa, na ile mibovu na alama ya kujumlisha, yaani iliyoongezwa, nami nikaona faili ya kupeleka sokoni bado ina mistari ya kutoa, nikasema moyoni, dada amesahau, nikaifuta, nikaweka ile mingine, na kwenye kumbukumbu ya mabadiliko nikaandika: "Nimerekebisha alichosahau Mwajuma."

Sokoni nikashika kipaza sauti, nimechomekea shati. "Namba moja!" Lori likaingia. Nikasoma kwenye skrini. "Namba kumi!" Hakuna lori lililosogea. "Namba kumi na moja!"

Mzee Chilongani, mwenye lori namba mbili, aliyefika tangu alfajiri na aliyenijua tangu enzi zangu za malori, akanisogelea taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwenu baada ya moja inakuja kumi?"

"Ndivyo mashine inavyosema, mzee."

"Ndiyo maana shule ilikushinda."

Madalali wakacheka mpaka wakashika magunia. Dada Mwajuma akafungua kumbukumbu, akasoma sentensi yangu, kisha jina langu chini yake. Nilikuwa nimerudisha mistari ya zamani, iliyopanga namba kama herufi, kumi kabla ya mbili.

Zamani ningedandia lori lolote nikapotea. Siku hiyo nilitafuta chaki, nikaandika namba kwenye ubao, nikaita malori moja baada ya jingine huku wakinizomea, hadi la mwisho likapakia.

Tuliporudi Dodoma nilimwomba dada anifutie ile sentensi.

"Haifutiki," akasema. "Andika nyingine chini yake. Na kesho saa mbili uwe hapa."

Nikaandika: "Mwajuma hakusahau. Niligeuza mimi." Tangu hapo sigusi mstari kabla ya kuuliza faili ipi ni ya zamani, hata wakinicheka.