Kindi Wanaofungua Mafundo

Mama yangu hajawahi kumwambia babu neno akimtazama usoni. Si kwamba wamekosana. Babu ni baba wa mumewe, na kwetu Ukambani mke wa mtu na baba mkwe wanaheshimiana kiasi kwamba hata kupeana mkono hawapeani. Kwa hiyo babu alipopigwa na kiharusi, akaletwa kutoka Mwala akae nasi hapa Machakos karibu na kliniki, mimi niligeuka kuwa simu yao. Wangekaa sebule moja, hatua tatu kati yao, na mama aniambie, "Mwambie babu yako chai iko tayari." Nami ningemgeukia babu, aniambie, "Mwambie mama yako nimesikia." Siku moja niliwauliza kwa nini wasifupishe safari. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyevua nguo kanisani.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Shahada yangu ya sayansi ilikuwa kabatini chini ya mashuka, na kazi niliyopata ilikuwa kumfungia babu vifungo vya shati kila asubuhi, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umelala na mama hakuweza kumgusa. Babu alitaka kitu kimoja tu maishani: kurudi Mwala kabla ya mvua za vuli, apande mahindi na kunde zake kwa wakati. Baba, ambaye hufanya kazi kiwandani Athi River na kuja nyumbani Jumamosi, alikuwa amemwekea sharti. Siku atakayofunga shati lake mwenyewe, ndiyo siku atakayopelekwa. Kliniki ilimpa mpira laini wa kuminya. Aliuminya siku mbili, akasema yeye si mtoto, na mpira ukahamia chini ya kitanda.

Mama ana ndege wake. Kila anapotwanga mahindi ya muthokoi ili kuyatoa maganda, makapi huyaweka kwenye sinia kuukuu lililopigiliwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba, pamoja na wali uliobaki na kipande cha papai. Shomoro huja kwanza, kisha chiriku, kisha kwezi wenye mgongo wa buluu wanaojiona wao ndio wenye plot. Mama huwatazama kutoka dirisha la jikoni huku chai ikichemka. Ni starehe yake pekee isiyohitaji mtu mwingine.

Kisha wakaja kindi. Walikuwa wawili, wakaazi wa mparachichi wa jirani, na walishuka ukutani mchana kweupe wakakalia sinia kama wageni wa harusi walioketi karibu na sufuria. Ndege walibaki juu ya kamba ya nguo wakilalamika. Mama akaniambia nitumie hayo masomo yangu.

Nilipaka nguzo mafuta ya kupikia. Kindi waliteleza mara mbili, wakalamba miguu, wakarudi wakiwa na hamu zaidi. Ndipo nikajenga kizimba cha waya wa kuku kuzunguka sinia, matundu yakitosha shomoro na chiriku, na kwezi nikiwawekea papai nje ya waya. Juu niliweka mfuniko, nikaufunga kwa kamba ya katani. Nilijisifu sana siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata mfuniko ulikuwa wazi na kindi wamo ndani.

Mtu mwingine angesema amesahau kufunga. Mimi siamini kitu mpaka nikichunguze, kwa hiyo niliichunguza ile kamba. Haikutafunwa. Haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa, ikawekwa chini ikiwa imenyooka. Nikafunga mafundo mawili. Yakafunguliwa. Nikafunga matatu, nikabadilisha kamba nikaweka nyembamba zaidi, nikajifunza fundo jipya kwenye simu. Kila asubuhi, wazi. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeandika kurasa tatu kuhusu akili ya kindi wa Machakos, na nilizisoma kwa sauti mezani.

"Mwambie babu yako," mama alisema akipakua, "kwamba msomi wetu amegundua kindi mwenye vidole."

"Mwambie mama yako," babu alijibu, "dunia ina mengi."

Hakuna aliyecheka. Hilo peke yake lingenitosha kama ushahidi, lakini mtu anayeuliza kila kitu husahau kuuliza kilicho mbele yake.

Nilichokosa ni alama za miguu. Jioni moja nikachukua jivu la jiko, nikalinyunyiza kuzunguka nguzo likawa kama unga uliomwagika. Asubuhi nilikuta kindi wangu anavaa malapa, mguu mmoja anauburuta, na anatembelea fimbo.

Kesho yake nilijificha nyuma ya tangi la maji, jua likianza kugusa vilima. Babu alitoka polepole. Aliegemeza fimbo kwenye nguzo, akapandisha mkono wa kulia, ule uliolala, akiusukuma kwa wa kushoto mpaka ukafika kwenye kamba. Kisha akaushusha wa kushoto na kuuweka nyuma ya mgongo, ili usije ukasaidia. Ulimi ulimtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Kindi walikuwa juu ya ukuta, wametulia, hawana haraka. Fundo lilichukua muda mrefu hivi kwamba mguu wangu ulikufa ganzi. Lilipofunguka, babu alitoa njugu mfukoni, zile nilizokuwa nampa baada ya dawa, akazimwaga siniani.

"La jana lilikuwa gumu zaidi," alisema bila kugeuka. "Leo umenionea huruma, mke wangu?"

Babu huniita mke wake. Ndio utani wa babu na mjukuu kwetu. Nilitoka nyuma ya tangi nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba kwamba mkono umeamka.

"Nikimwambia, ataleta shati papo hapo. Na kifungo bado kinanishinda. Nikishindwa mbele yake mara moja, mvua itanikuta hapa nikiangalia televisheni."

Hapo nikahama upande. Nilichukua shati langu la zamani la shule, nikakata sehemu ya mbele yenye vifungo, nikaishona kwenye mfuniko. Sasa anayetaka kula alipaswa kufungua vifungo vitano, na mimi nilimpa babu sharti jingine: kindi wakimaliza kula, unafunga tena. Mama alikitazama kizimba kilichovaa shati, akanitazama mimi.

"Mwambie babu yako," alisema, "kindi wa nyumba hii wakimaliza kifungo cha mwisho, wasiache cha shingo."

Ndipo nikaelewa kwamba dirisha la jikoni linaangalia sinia moja kwa moja, na kwamba mama alikuwa amemwona tangu siku ya kwanza. Hakuweza kusema kwamba baba mkwe wake ni mwizi wa chakula cha ndege. Alikuwa akingoja msomi afike kwenye jibu.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo babu alitoka chumbani shati likiwa limefungwa, kifungo cha shingo kikimkaba. Baba alisema mimi ndiye niliyemfungia. Babu akavifungua vyote mezani, chakula kikipoa, akavifunga tena. Cha nne kilimtoroka mara tatu, na nilimwona mama akishika ukingo wa meza, macho kwenye ugali. Jumapili baada ya kanisa alipelekwa Mwala.

Mvua ilinyesha siku kumi baadaye. Babu alipiga simu, nikaiweka kwa sauti ya juu. Alisema mahindi ameyapanda, na kwamba kindi wa shambani, wale wa kuchimba, wanayafukua mbegu kwa mbegu, wanafuata mstari kama wamepewa ramani. Nikamwambia dunia ina mengi.

"Muulize mama yako," akasema, "kama ule waya wa kuku bado uko."

Mama alikuwa dirishani, kindi wawili wakimalizia papai.

"Mwambie babu yako tutauleta," alisema. "Na mwambie kule afunge kwa fundo la msomi."