Pumzi ya Kupatana Bei

Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Saboti na kuku mmoja, akaketi, akanywa chai, akazungumzia mvua. Miaka hiyo alikuwa ameshanunua simu ya mkononi na angeweza kunipigia. Nilipoona amekuja mwenyewe, tena na kuku, nikajua habari si nzuri.

"Tumeongea na wazee," akasema mwishowe. "Siku ya kwenda kuona ng'ombe kule Bokoli, Bungoma, wewe utabaki. Tutatafuta mtu mwingine wa kusema."

Binti yake alikuwa anaolewa. Kwetu, upande wa msichana huenda kwa akina kijana kukagua ng'ombe wa mahari kabla ya kuwakubali, na lazima awepo msemaji. Katika ukoo wetu msemaji nilikuwa mimi. Nimeuza viatu vya mitumba Kitale tangu nikiwa na nywele, na ninajua kumtoa mtu kwenye bei yake mpaka yeye ndiye anashukuru. Nilikuwa nimewasemea wasichana watatu wa ukoo. Nimehesabu tena, ni watatu. Huyu wa nne ndiye aliyekuwa akiniletea uji nilipolazwa hospitalini bila hata kuniomba nauli. Nilitaka kumsemea yeye kuliko wote.

"Nani huyo mtu mwingine?"

Akamtaja shemeji yetu mmoja. Nilicheka mpaka nikakohoa. Shemeji huyo hununua nyanya kwa bei ya kwanza anayotajiwa.

"Ona sasa, kucheka tu kumekushinda," kaka akasema. "Boma lao liko juu ya kilima, bana. Ukianguka huko, ati hao ng'ombe watakuwa wa mahari ama wa matanga?"

Miezi michache kabla, miguu yangu ilivimba hadi viatu vyangu vyote vya kuuza vikanikataa, na usiku nililala nimeketi ili nipate pumzi. Hospitalini waliniambia moyo umechoka kusukuma damu. Ugonjwa huo hauondoki, lakini mtu huishi nao akitunza masharti. Wakanipa vidonge vya kutoa maji mwilini na vingine vya moyo. Uvimbe ukashuka. Nyumbani nikatunzwa kama yai. Mke wangu aliniletea hata maji ya kunawa pale kitini, na nikiinuka tu anauliza, "Unataka nini, baba watoto?" Kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyolegea, mpaka kwenda chooni ikawa safari ya kupangiwa.

Kliniki iliyofuata nilimweleza daktari habari za Bokoli. Akanipima, akaridhika, akanituma kwa mtaalamu wa mazoezi, msichana mmoja aliyevaa raba ambazo niliona mara moja hakuzinunua kwangu.

"Moyo umeshindwa na kazi, wewe unataka kuuongezea?" nikamwuliza.

"Mzee, sasa dawa zimekushika, umetulia. Lakini misuli yako imelala, na moyo unahangaika kuibeba. Tuiamshe polepole, moyo utapata nafuu. Mwishowe utembee dakika thelathini kwa siku."

"Kumi."

"Sawa, kumi. Kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni."

Nilikubali, tukashikana mikono. Nilikuwa nimeshafika langoni nilipohesabu mara ya pili.

Sharti lake lilikuwa hili: nitembee nikiongea. Nikiweza kuongea, mwendo ni sawa. Nikiweza kuimba, ninazembea. Nikishindwa kumaliza sentensi, nisimame nivute pumzi, nisione haya. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, niache kabisa nirudi hospitalini. Na uzito ukipanda ghafla, hayo ni maji, si ugali.

Siku ya kwanza nilitoka kutembea barabarani. Boda boda wa baiskeli akanipunguzia mwendo.

"Mzee, panda nikupeleke."

"Natembea tu."

"Unatembea unaenda wapi?"

"Siendi mahali."

Aliniangalia kwa huruma. "Basi panda, utalipa kesho."

Kitale mtu mzima hatembei bila shughuli. Kufikia jioni mke wangu alikuwa ameambiwa na watu wawili kwamba ugonjwa umenipanda kichwani. Ndipo nikahamia sokoni. Kule kuna wa kuongea naye kila hatua, na kupatana bei kwenyewe ni kutembea: unatajiwa bei, unacheka, unaondoka, unaitwa, unarudi, unaondoka tena. Fungu moja la nyanya lingeweza kunitembeza asubuhi nzima.

Mama wa nyanya alinistukia mapema.

"Mzee wa viatu, leo unanunua ama ni ile mambo yako ya moyo?"

"Ni moyo."

"Basi enda, nitakuita."

Na kweli aliniita, amenipa mgongo, huku akiuzia wengine: "Rudi mzee, nimepunguza! Rudi!" Hakuwa amepunguza hata senti.

Nyumbani nilipewa zoezi la kuinuka kitini bila kujishika. Mke wangu aliniangalia nikiinuka na kuketi, nikiinuka na kuketi. "Hicho kiti kimekukosea nini?" Baadaye akawa ananihesabia. Nami nilihesabu, na hesabu zetu hazikukubaliana hata siku moja.

Kaka aliporudi, safari hii bila kuku, nilimsindikiza hadi stendi kwa miguu, nikimweleza kasoro za shemeji moja baada ya nyingine.

"Umeongea njia nzima," akasema tulipofika.

"Nimefupisha."

Akakubali, ila shemeji aje pia, awe spea. Msichana wa raba naye aliruhusu, mradi nisione haya kusimama.

Bokoli walitupokea kwa soda. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye kofia, bila shaka alikuwa amesikia habari zangu. "Ng'ombe wako hapo juu kidogo tu," akasema. Hiyo "juu kidogo" ya Bungoma huwa haina mwisho. Tukapanda. Ng'ombe wa kwanza nilimsema vizuri, wa pili pia. Wa mwisho alikuwa fahali, amefungwa kule mwinuko ulikokuwa mkali zaidi.

"Sasa huyu fahali wenu…" nikaanza, pumzi ikakatika.

Nikasimama. Nikaegemea fimbo, nikamtazama fahali. Kaka yangu akatazama chini. Shemeji akafungua mdomo, kaka akamkanyaga mguu.

"Kwani ana shida gani?" mzee wa kofia akauliza.

Nikavuta pumzi.

"Hiyo pembe alizaliwa nayo hivyo," mzee akajitetea bila kuulizwa.

Nikavuta nyingine.

"Haya, tumtoe basi. Tuweke ng'ombe wa maziwa."

Niliinua mkono kumwomba asubiri kidogo, maana sauti ilikuwa bado iko njiani.

"Na ndama wake! Si wewe ni mgumu, mzee!"

Hapo pumzi ilikuwa imerudi. Ningeweza kusema. Nikavuta mbili zaidi, za akiba, ndipo nikamwambia, "Sasa tumeanza kuelewana."

Tulipokuwa tukishuka, shemeji hakunyamaza. "Ati ulimmaliza kwa kunyamaza tu! Hiyo ulijifunza wapi?"

"Hospitali," nikamwambia, naye akacheka sana.

Kaka alingoja hadi tukabaki wawili nyuma. "Niambie ukweli. Pale ulikuwa unakufa ama unapatana?"

"Nilikuwa napumua."

Akatikisa kichwa. Kisha akanishika mkono, si kwa kunisaidia.

"Binti yangu mdogo naye ana mchumba. Hao wako karibu tu, hapo Kitale, na boma lao liko tambarare kabisa. Huko hutasumbuka."

"Tambarare sitaki," nikasema. "Huko mpeleke shemeji."