Karatasi ya Oguttu

Elungat alikuwa na pikapu yake mwenyewe ya kubebea pamba kutoka Busia hadi Tororo, na kwa alivyoringa nayo ungedhani ameizaa. Bima aliikata mwaka wa sitini na sita kwa sababu polisi waliitaka, basi. Akabandika cheti kwenye kioo na kutamba kwamba hata gari likiungua atapewa jingine. Hakuna aliyemsomea masharti, naye hakuuliza. Kichwa maji!

Jumanne moja akamgonga Oguttu, mbebaji wa abiria kwa baiskeli pale mpakani. Mguu ukavunjika mahali pawili. Kosa lilikuwa la Elungat: alikuwa amegeuza shingo kumfokea mtu aliyekaa nyuma juu ya magunia.

Kwa watu wa mpaka ule, aliyemwaga damu hangoji kuitwa. Kabla siku ya nne haijaisha anapeleka mbuzi na kusema mbele ya watu kwamba ni yeye. Asipokwenda amejitangaza adui, na ndugu wa majeruhi hawalaumiwi kwa watakalofanya.

Siku ya tatu akaja Osborn, wakala wa bima kutoka upande wa Kenya.

"Mzee Elungat, usitie mguu kwa akina Oguttu. Sharti linasema usikubali kosa wala usiahidi kitu. Kampuni ndiyo itakayosema."

"Na gari yangu? Taa navunjika."

"Gari lako halimo. Sheria inakulazimisha kukata bima kwa ajili ya yule utakayemgonga. Karatasi hii ni ya Oguttu, mzee, siyo yako."

Elungat aliona aibu. "Mimi nikienda, Oguttu atakosa malipo?"

"Hakosi, sheria inamlinda. Kampuni itamlipa, halafu itakurudia wewe uirudishie pesa hizo, kwa kuvunja sharti. Utauza pikapu."

Osborn alipoondoka, Aguti mkewe, aliyekuwa akisikia yote, akamwambia, "Watoto yako napita kwa wale watu kila siku kwenda shule. Wewe nafikiri gari?"

Siku ya nne mchana akaenda, akimvuta mbuzi. Uani palikuwa kimya. Nereah, mama yake Oguttu, alikuwa ameketi kizingitini, na nyuma yake wamesimama wanawe wawili wenye mapanga.

"Nani amekutuma?"

Elungat akapiga magoti. "Hakuna, mama. Ni mimi nagonga mtoto yako. Macho yangu ilikuwa nyuma. Naomba msamaha."

Nereah alimtazama yeye na yule mbuzi. "Wa bima alituambia hutakuja," akasema, kisha akawageukia wanawe. "Wekeni hayo mapanga. Mleteeni mgeni kiti."

Kampuni ilimlipa Oguttu yote, na kabla mwaka haujaisha ikamrudia Elungat. Pikapu ikauzwa. Siku gari lilipochukuliwa, Elungat alilia bila kujificha. Aliyekuja kukaa naye, asubuhi hadi jioni, alikuwa Oguttu, kwa magongo yake.