Kibena Kilichomkamatisha Mtu

Nimeishi mbali na Njombe miaka mingi, nikihama mji hadi mji, na kila ninaporudi natafuta mtu wa kuongea naye Kibena. Ndiyo maana siku ile nilifungua mdomo.

Basi letu lilikuwa limetoka Makambako kwenda Njombe. Kwenye kizuizi akapanda afisa uhamiaji, akawa anasalimia abiria mmoja mmoja huku akiwatazama usoni. Kando yangu, dirishani, alikaa kijana mwembamba mwenye shati jepesi, na kwa baridi ya Juni ile sote tulikuwa ndani ya makoti. Afisa alipomuuliza habari za asubuhi, kijana akajibu, "Kamwene."

Ndivyo tunavyosalimiana kwetu. Afisa, ambaye kwa lafudhi alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, akacheka. "Haya, huyu mwenyeji," akasema, akasogea nyuma.

Nami nikafurahi kama mtoto. Nikamgeukia kijana, nikamuuliza kwa Kibena, kwa sauti kubwa, anatoka kijiji gani na ni mtoto wa nani. Akatabasamu. "Kamwene," akarudia. Nikauliza tena, polepole zaidi. Mama wa kiti cha mbele akageuka.

"We baba, Mbena gani huyo asiyejua kwao?"

Watu wakacheka. Kijana aliendelea kutabasamu, akarudia lile lile, "Kamwene." Hapo nikaelewa kwamba hilo ndilo neno pekee alilokuwa nalo. Nilikuwa nimechelewa. Afisa alikuwa amesharudi.

Kijana alikuwa Mhabeshi, mtu wa Ethiopia, hana karatasi hata moja. Lile neno nadhani alifundishwa na waliomsafirisha, na lilikuwa limeshamvusha.

"Gari la ofisi halina mafuta," afisa akamwambia dereva. "Tunakwenda naye humu humu."

"Kila bajeti tunasikia mmeongezewa," mama yule akasema. "Hayo mafuta anakunywa nani?"

"Mama, unaniuliza mimi? Posho yangu yenyewe siioni. Kawaulize wanaogawa."

"Na huko mahabusu atakula nini?"

"Kama ana ndugu wa kumletea, atakula."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilitazama miguu yangu hadi Njombe.

Tulipofika stendi, afisa alimshika kijana kiwiko, akasimamisha bajaji, akapapasa mifuko yake, kisha akanitazama. "Kaka, wewe ndiye uliyetusaidia. Malizia basi."

Nikalipa nauli. Nikanunua chapati na viazi vya kuchemsha, nikampa kijana. Alipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema kitu kwa lugha yake. Sijui kama alielewa ni nani aliyemkamatisha.

Bajaji ikaondoka. Fedha ya serikali, hata ikipotea, kuna mkaguzi wa kuja kuiulizia. Nauli ile iliyompeleka kijana mahabusu niliitoa mimi, kwa hiari yangu, na hadi leo hakuna aliyeniuliza ilifanya kazi gani. Nilisimama pale stendi muda mrefu, nikitamani mtu aniulize.